Shaba Safi na Shaba Iliyokolezwa: Kutoka Kapata hadi Oksidi Zisizo na Ukinzani

1. Utangulizi

Kapata ni mji mdogo wa wafanyakazi ulio nje ya Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uhai wake ni migodi. Majirani zake ni machimbo ya Kamoto na kiwanda cha Luilu, kilichoanza kazi mwaka 1960 ili kutoa shaba na kobalti kwa asidi na umeme. Umeme wenyewe hutoka mbali. Mstari wa Inga, uliokamilika mwaka 1982, hupita misitu na mbuga kwa takriban kilomita 1,700 kutoka mto Kongo hadi kituo cha Kolwezi. Katika safari hiyo nyaya huutoza umeme ushuru kila kilomita: sehemu ya nishati hugeuka joto na kupotea hewani. Sababu ni ukinzani, yaani ile tabia ya metali kuupinga mkondo unaopita ndani yake. Shaba huupinga mkondo kidogo kuliko metali zote isipokuwa fedha, na hiyo ni sababu mojawapo ya ulimwengu kuitafuta. Hata hivyo, shaba iliyosafishwa kwa kiasi chochote kile bado ina ukinzani.

Tangu mwaka 1986 inajulikana kwamba kuna vitu vyenye shaba ambavyo haviupingi mkondo hata chembe, tena katika halijoto ambayo wanafizikia wengi waliotangulia hawakuitarajia. Vitu hivyo si metali bali ni oksidi, aina ya kauri, na vikiwa katika hali yake ya asili havipitishi umeme. Hupata uwezo wao pale vinapotiwa kitu kigeni kwa kipimo. Tendo hilo la kutia ndilo mada ya makala haya, pamoja na swali ambalo mwanafunzi anayelisoma jambo hili kwa Kiswahili hawezi kulikwepa: tendo hilo liitweje? Itaonekana kwamba swali la fizikia na swali la lugha hayako mbali, maana neno lisilofaa humfanya mwanafunzi atarajie matokeo yasiyo ya kweli.

2. Busara ya Luilu

Madini ya Kolwezi yamechanganyika tangu kuumbwa kwake. Juu hupatikana malakiti ya kijani na heterojeniti nyeusi yenye kobalti. Chini zaidi hupatikana sulfidi. Aidha, metali hizi mbili hushirikiana hata ndani ya fuwele moja. Yako madini yaitwayo kolweziti, yaliyopewa jina la mji huu, ambamo shaba na kobalti hukalia viti vya namna moja katika mpangilio wa atomu. Jambo hilo huwezekana kwa sababu ioni ya shaba na ioni ya kobalti, kila moja ikiwa na chaji mbili chanya, hukaribiana kwa ukubwa. Fuwele haimkagui mgeni kwa jina lake. Humkagua kwa ukubwa na chaji. Kanuni hii itahitajika tena mbele.

Kazi ya Luilu ni kuuvunja ushirika huo. Madini yakishasagwa na kuchenjuliwa, yale ya sulfidi huchomwa, kisha hutiwa katika asidi ya salfuriki ili metali ziyeyukie humo. Mkondo wa umeme huivuta shaba kutoka katika myeyuko huo na kuijenga juu ya mabamba yaitwayo kathodi, na kimiminika kinachobaki huondolewa chuma, zinki na vinginevyo kabla ya kobalti nayo kuvunwa. Kipimo cha ubora katika kazi yote hii ni usafi. Kanuni za Ulaya kuhusu kathodi za daraja la juu huruhusu takataka zisizozidi jumla ya sehemu 65 katika milioni. Ukali huo una sababu. Elektroni zinazobeba mkondo ndani ya shaba ni kama watu watembeao katika uwanja tambarare, na kila atomu ngeni ni kisiki. Fosforasi ya sehemu chache tu katika elfu kumi hupunguza upitishaji wa shaba kwa kiasi kinachopimika waziwazi.

Basi Luilu, atomu ngeni ndani ya shaba ni uchafu, na hapana ubishi juu ya jambo hilo. Labda ingefaa kukumbuka, kando ya hayo, kwamba Kiswahili cha pwani hakikuwa kikali kiasi hicho: neno shaba limetumika kwa metali nyekundu iliyo pekee na pia kwa ile ya manjano iliyochanganywa na zinki, na anayetaka kutofautisha huongeza rangi. Huku kwenye ukanda wa migodi, ambako lugha za wenyeji zina neno mukuba kwa metali hii, na ambako jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, ulegevu huo ungeleta hasara.

Hata hivyo, usafi una mwisho wa manufaa yake. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki kwa heli ya kimiminika. Ilipofikia kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake ulitoweka. Haukupungua tu; ulitoweka, kiasi kwamba mkondo ukianzishwa katika pete ya metali ya aina hiyo huendelea kuzunguka bila kusukumwa na betri. Hali hiyo itaitwa hapa upitishaji mkuu, na kitu chenye hali hiyo kitaitwa kipitishi kikuu. Risasi, bati na niobi zina sifa hiyo zikipozwa vya kutosha. Shaba, fedha na dhahabu hazina: zimepozwa hadi karibu sana na sifuri halisi, na ukinzani ukabaki.

Kitendawili hicho kiliteguliwa mwaka 1957 na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Walionyesha kwamba katika kipitishi kikuu elektroni huungana jozi jozi kwa msaada wa mitetemo ya fuwele, na jozi zote hutembea kwa hatua moja; kisiki hakiwezi kuisimamisha jozi moja peke yake, kwa kuwa hakuna jozi iliyo peke yake. Ndani ya shaba, elektroni na mitetemo hazishikani kwa nguvu ya kutosha kuziunganisha jozi hizo. Kutoshikana huko ndiko kunakoufanya ukinzani wa shaba uwe mdogo katika joto la kawaida. Sifa inayoipa shaba bei yake ndiyo inayoinyima upitishaji mkuu, na hakuna usafishaji unaoweza kubadili hali hiyo.

3. Kauri nyeusi

Kuanzia mwaka 1973 halijoto ya juu kabisa ya upitishaji mkuu iliyojulikana ilikuwa kelvini 23 na kidogo. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM huko Rüschlikon karibu na Zürich, walichunguza oksidi ya lanthani, bariamu na shaba wakaona ukinzani wake ukianza kuporomoka katika kelvini zaidi ya 30. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo wa 1987 makundi ya Maw-Kuen Wu huko Alabama na Paul Chu huko Houston yaliweka itriamu mahali pa lanthani na kufikia kelvini 93. Tofauti kati ya 30 na 93 si ya tarakimu tu. Naitrojeni huwa kimiminika katika kelvini 77, na naitrojeni ni karibu sehemu nne katika tano za hewa. Heli ni adimu na ghali. Mwaka 1993 oksidi ya shaba yenye zebaki na bariamu iliipandisha halijoto hiyo hadi kelvini 130 na ushei.

Oksidi hizi zote zina umbo moja la msingi. Ndani yake mna matabaka bapa ya shaba na oksijeni, kila atomu ya shaba ikizungukwa na oksijeni nne katika mraba, na kati ya tabaka na tabaka mna atomu nyingine: lanthani, itriamu, bariamu, bismathi au zebaki, kutegemea aina. Mkondo hupita katika matabaka ya shaba. Hizo nyingine ni kama ghala lililo nyuma ya duka: biashara haifanyiki humo, lakini kinachowekwa humo huamua biashara itakavyokwenda.

Mfano ulio rahisi kuhesabu ni oksidi ya lanthani na shaba, La2CuO4. Ioni mbili za lanthani hutoa chaji tatu chanya kila moja, jumla sita; shaba hutoa mbili; oksijeni nne huchukua chaji hasi mbili kila moja, jumla nane. Hesabu imetimia. Katika hali hiyo kila shaba hubaki na elektroni moja isiyo na mwenza. Hesabu za kawaida za metali zingetabiri kwamba elektroni hizo zipite huku na huko na oksidi ipitishe umeme. Haipitishi. Mtu afikirie ubao wa bao, au wa kisolo kama wasemavyo Waluba, wenye kete moja katika kila shimo, na kanuni isemayo kwamba shimo lisiwe na kete mbili kamwe. Hakuna awezaye kucheza. Ndivyo elektroni zilivyo ndani ya tabaka la shaba: huchukiana mno kiasi kwamba mbili haziwezi kukaa juu ya shaba moja, na kwa kuwa kila shaba imekwisha kukaliwa, zote hukwama. Kila elektroni pia ni sumaku ndogo, na majirani huelekeana kinyume, huyu juu na yule chini, tabaka zima. Kihami cha namna hii hakitokani na uhaba wa elektroni bali na msongamano wao.

Mchezo hufunguka pale kete zinapoondolewa. Haziwezi kung'olewa kwa mkono; hung'olewa kwa hesabu ya chaji. Ikiwa baadhi ya ioni za lanthani zitabadilishwa kwa strontiamu, ambayo ni ya ukubwa usio mbali na wa lanthani, fuwele humpokea mgeni huyo katika kiti cha lanthani. Lakini strontiamu hutoa chaji mbili tu badala ya tatu. Deni la chaji moja hulipwa na tabaka la shaba na oksijeni, ambalo hupoteza elektroni moja na kubaki na pengo. Kwa hakika pengo hilo hukaa zaidi upande wa oksijeni kuliko juu ya shaba yenyewe, ila kwa hesabu ya hapa si lazima kulifuatilia hilo. Jirani aweza sasa kuhamia penye pengo, na pengo nalo likahamia alikotoka jirani. Likihama hivyo hatua kwa hatua, hubeba mkondo mfano wa chaji chanya.

Kiasi ndicho kiini cha jambo. Tuseme mapengo ni mawili kwa kila shaba 100: mpangilio wa sumaku za kinyume, ambao ulidumu hadi kupita kelvini 300, huvunjika, lakini upitishaji mkuu haujatokea. Mapengo yafikapo karibu 5 au 6 kwa shaba 100, upitishaji mkuu hujitokeza katika halijoto ya chini sana. Hupanda kadiri mapengo yanavyoongezwa hadi kufikia kilele penye mapengo 16 hivi, ambapo oksidi hii ya strontiamu hupoteza ukinzani wake katika kelvini 38 hivi. Kisha hushuka. Yapitapo mapengo 27 kwa shaba 100, upitishaji mkuu hutoweka, na oksidi hubaki kuwa metali ya kawaida yenye ukinzani wa kawaida. Mchoro wa mwendo huo una umbo la kuba la msikiti: ardhi kavu upande huu, ardhi kavu upande ule, na juu katikati. Aina nyingi za oksidi za shaba hufuata kuba la namna hiyohiyo, kila moja na kimo chake, kilele kikiwa karibu na mapengo 16.

Kuba hilo si laini kila mahali. Katika oksidi ya bariamu, ile ya Bednorz na Müller, lina bonde la ghafla penye pengo moja kwa kila shaba nane, ambapo halijoto ya upitishaji mkuu huporomoka hadi kelvini chache. Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake, wakichunguza oksidi ya jamii hiyo kwa nyutroni, walionyesha kwamba mapengo hujipanga katika mistari yenye nafasi maalumu kati yake. Yakishatulia katika foleni hiyo hayashirikiani tena katika kubeba mkondo bila ukinzani. Tena, upande wa kuba wenye mapengo machache, hata juu ya halijoto ya upitishaji mkuu, oksidi hizi huonyesha tabia ambazo metali ya kawaida haina. Ni nini kinachoziunganisha elektroni hizo jozi jozi, wataalamu hawajakubaliana. Ramani ya kuba inajulikana vizuri kuliko sababu ya kuba.

Mgeni si lazima awe metali. Katika oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, kinachoongezwa na kupunguzwa ni oksijeni yenyewe. Oksidi hiyo ikiwa na oksijeni sita kwa kila shaba tatu, ni kihami. Ikipashwa moto katika hewa ya oksijeni na kuachwa ipoe polepole, oksijeni huingia na kujipanga katika minyororo iliyo nje ya matabaka, nayo huvuta elektroni kutoka katika matabaka hayo. Penye oksijeni 6.6 hivi, oksidi hupitisha bila ukinzani katika kelvini 60. Penye oksijeni 6.93, katika kelvini 93. Kipande kilekile kikipashwa moto tena mahali pasipo na oksijeni hutoa pumzi hiyo na kurudi kuwa kihami. Mtu aweza kukifufua na kukiua kwa tanuri tu. Itafaa kuongeza kwamba katika kutengeneza oksidi hii nyeusi, vipimo visipokuwa sahihi, huzuka oksidi nyingine yenye metali zilezile tatu ambayo ni kihami, na rangi yake ni kijani. Mkazi wa Kapata, aliyezoea kwamba kijani juu ya jiwe ni ishara njema ya shaba, hapo angesoma ishara kinyume.

Na si lazima deni liwe la upande mmoja. Mwaka 1989 Yoshinori Tokura, Hidenori Takagi na Shin-ichi Uchida, huko Japani, waliitia seriamu katika oksidi ya neodimiamu na shaba. Seriamu hutoa chaji nyingi kuliko neodimiamu, hivyo tabaka la shaba lilipokea elektroni za ziada badala ya kupoteza. Upitishaji mkuu ulitokea huko pia, ingawa katika halijoto ya chini zaidi, karibu kelvini 24.

4. Mgeni aliyeketi mahali pabaya

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba kitu chochote kigeni, kikitiwa kwa kipimo, huleta heri. Zinki inakanusha. Zinki si ngeni katika ukanda wa shaba: mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, una zinki na shaba pamoja, na Luilu zinki ni mojawapo ya vitu vinavyoondolewa. Ioni ya zinki ina chaji mbili kama ioni ya shaba, na ukubwa wao hukaribiana. Kwa ile kanuni ya viti iliyotajwa kuhusu kolweziti, zinki ikitiwa katika oksidi hizi huketi mahali pa shaba, ndani ya tabaka lenyewe. Haileti deni la chaji, haipunguzi elektroni wala kuongeza. Kwa hesabu ya mapengo, zinki haikufanya kitu.

Kumbe imefanya makubwa. Katika oksidi ya lanthani na strontiamu, atomu 3 hivi za zinki kwa kila 100 za shaba zatosha kuuua upitishaji mkuu. Zinki, tofauti na shaba, haina elektroni pweke, haina sumaku. Pale ilipoketi pamekuwa shimo bubu katika ubao, na mpangilio wa majirani huvurugika. Jambo la kushangaza zaidi huonekana ukiilinganisha na nikeli. Katika vipitishi vikuu vya zamani, kama risasi na bati, mgeni mwenye sumaku ndiye mwenye madhara, na asiye na sumaku karibu hana madhara. Katika matabaka ya oksidi za shaba mambo yamepinduka: katika oksidi ya itriamu, zinki isiyo na sumaku huudhuru upitishaji mkuu kuliko nikeli yenye sumaku. Kobalti, jirani wa shaba katika kila jiwe la Kolwezi, katika oksidi hiyo hupendelea kuketi kwenye minyororo iliyo nje ya matabaka. Huko nako hudhuru, lakini kwa upole zaidi, kwa kupunguza mapengo yanayofika tabakani.

Hivyo basi, mambo mawili huamua: kiasi cha mgeni na kiti chake. Strontiamu akiwa ghalani hufungua duka. Zinki akiwa dukani hulifunga, hata akiwa mchache.

5. Tatizo la neno

Katika jimbo la Lualaba mwanafunzi huisoma fizikia ya sekondari na ya chuo kikuu kwa Kifaransa, huku kazini na nyumbani akitumia Kiswahili, lugha ambayo kampuni ya Union Minière iliikuta ikienea na ikaitumia kwa wafanyakazi wake kabla ya mali zake kutaifishwa mwaka 1967 na kuwa msingi wa Gécamines. Mwanafunzi huyo akitaka kumweleza mzazi wake anayefanya kazi Luilu kile alichojifunza, neno la kwanza litakalomjia ni uchafu. Vitabu vya fizikia vyenyewe humsukuma huko, kwa kuwa vinapoeleza nusuvipitishi kama silikoni huita atomu zilizotiwa kwa jina lilelile linaloitwa takataka za kathodi. Neno hilo litamfunga. Kwa mtu wa Luilu uchafu daima hudhuru, na hudhuru zaidi unapozidi. Hawezi kwa neno hilo kutarajia kilele penye 16 kwa 100, wala hawezi kuelewa kwa nini strontiamu nane kwa kila lanthani 100, kiasi ambacho kwa shaba ya nyaya kingekuwa maafa, hapa ndicho kipimo kinachotafutwa.

Neno la Kifaransa dopage, ambalo mwalimu hulitamka darasani, lina kasoro ya upande wa pili. Ndilo hilohilo litumikalo kwa mwanariadha aliyekunywa dawa zilizokatazwa. Hudokeza nguvu inayotoka katika kitu kilichomezwa, ilhali strontiamu haina upitishaji mkuu wa kuipa oksidi. Kazi yake ni kuacha pengo na kukaa kimya. Kulitohoa neno hilo kungeokoa muda, lakini tafsiri yake potovu ingetoholewa pamoja nalo.

Neno linaloelekea kufaa limo jikoni. Chumvi hukolea katika mboga. Ikiwa chache, mboga ni dufu; ikitosha, imekolea; ikizidi, haiwezi kuliwa, na hakuna aiitaye chumvi uchafu wala dawa. Kitenzi koleza tayari kina ndani yake kuba lote: upungufu, utimilifu na kuzidi. Kwa hiyo tendo laweza kuitwa ukolezaji, na atomu inayotiwa kikolezo. Strontiamu ni kikolezo cha oksidi ya lanthani na shaba. Oksijeni ni kikolezo cha oksidi ya itriamu. Seriamu ni kikolezo cha elektroni, na strontiamu kikolezo cha mapengo. Zinki katika tabaka la shaba si kikolezo, kwa sababu haibadili hesabu ya chaji. Hapo, na hapo tu, neno uchafu lina haki yake.

Pingamizi lipo, na si dogo. Katika kemia ya Kiswahili mzizi huohuo umekwisha kutumika: ukolezi ni kiwango cha kitu kilichoyeyuka katika kimiminika, na mfanyakazi wa matangi ya Luilu angeweza kuzungumzia ukolezi wa shaba ndani ya asidi. Je, mwanafunzi hatachanganyikiwa? Huenda, iwapo maneno hayo yataachwa yatumike ovyo. Lakini yanaweza kugawana kazi vizuri: ukolezaji uwe jina la tendo, ukolezi uwe jina la kiwango. Mtu ataweza kusema kwamba ukolezaji wa strontiamu umefikia ukolezi wa pengo 0.16 kwa kila shaba, na sentensi hiyo ina maana moja tu. Ugumu halisi uko katika kitenzi: shaba iliyokolezwa ndani ya tangi ni shaba iliyozidishwa katika myeyuko, na oksidi iliyokolezwa ni oksidi iliyotiwa kikolezo. Muktadha utatenga mengi, si yote. Mwandishi wa kitabu cha kiada atalazimika kusema mwanzoni ni kipi anachokusudia.

Kuna kifaa kimoja ambacho kingemlazimisha mwandishi huyo kutumia maneno yote mawili katika aya moja. Nyaya za vipitishi vikuu za oksidi ya itriamu na jamaa zake hutengenezwa kama utepe. Juu ya ukanda mwembamba wa metali huwekwa utando wa oksidi iliyokolezwa, unene wake ukiwa kama elfu moja ya milimita au zaidi kidogo, na utepe wote huvikwa ganda la shaba lililo nene mara nyingi kuliko utando huo. Utando ndio unaobeba mkondo usio na ukinzani. Ganda hungoja. Ikitokea sehemu ya utando kupata joto na kupoteza hali yake, mkondo hukimbilia katika ganda mpaka umeme uzimwe, na utepe huokoka usiungue. Utando huhitaji oksijeni yake iwe katika kipimo kilekile cha karibu 6.93, ganda huhitaji shaba safi kadiri iwezekanavyo, ya namna ile ambayo matangi ya elektrolisisi hutafuta kuijenga bamba baada ya bamba. Vipitishi vikuu vya oksidi za shaba vimekwisha kuzikwa chini ya mitaa ya mji: huko Essen, Ujerumani, mwaka 2014, kebo ya urefu wa kilomita moja, iliyotengenezwa kwa oksidi ya jamii yenye bismathi na kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, iliunganishwa na mfumo wa umeme wa mji. Kutoka Inga hadi Kolwezi ni kilomita zipatazo 1,700, na naitrojeni ingepaswa kupozwa njia nzima.